Kushirikiana bila kuoneana haya: mwongozo kwa studio ndogo ya dizaini

Mwaka wa pili wa studio yetu tulipata kazi ya kalenda. Tulikuwa wawili, chumba kimoja Mwananyamala, Dar es Salaam, kompyuta mbili na feni ya mezani. Mteja alikuwa taasisi kubwa, naye alitaka michoro 12 ya maisha ya pwani: wavuvi wakivuta juya, akina mama wakisuka ukili, wazee barazani na bao lao. Sisi hatukuwa na mkono wa kuchora, basi nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye. Nikamwambia, "Kaka, tukilipwa nitakuona." Akacheka, akasema hamna shida.

Kalenda ilipendeza na yeye alilipwa. Mwaka uliofuata, michoro yake mitatu ikatokea kwenye fulana na mifuko iliyogawiwa kwenye mkutano wa taasisi ile. Akaniuliza nimelipwa kiasi gani kwa fulana hizo. Sikuwa nimelipwa hata shilingi, wala sikujua kwamba zimechapwa. Hakuniamini, nami sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tulikaa karibu miaka miwili bila kusalimiana.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Kati yetu wawili hakuna aliyemdanganya mwenzake. Tulioneana haya tu. Mimi niliona haya kumtajia ndugu yangu kiasi, yeye akaona haya kuniuliza michoro itatumika wapi. Huku kwetu, kumwambia mtu wa karibu "tuandikishane" huonekana kama kumtilia shaka, na studio ndogo huishi kwa watu wa karibu: uliosoma nao, mdogo wa jirani, dada uliyekutana naye kwenye maonyesho. Kwa hiyo haya hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza, kabla ya mkataba na kabla ya programu yoyote ya kupangia kazi.

Zinazofuata ni hatua tunazozitumia sasa. Tuko watatu wa kudumu, na kila kazi huja na watu wake: mchoraji, mpigapicha, mwandishi wa maneno, mchapaji. Nitakwenda na mfano mmoja, lebo na visanduku vya asali ya Tabora, kwa sababu kazi ya vifungashio hukusanya watu wengi kuliko bajeti yake inavyoweza kuwabeba.

Hatua ya 1: Mwite mtu kwa jina la kazi yake

Kabla ya kumpigia mtu simu, jiulize unamwita aje awe nani. Kuna deiwaka, anayelipwa kwa siku kukusaidia kumaliza. Kuna mtu wa kipande, anayelipwa kwa mchoro au picha aliyokabidhi. Kuna mshirika wa mradi, anayegawana nanyi faida na hasara ya kazi moja. Na kuna mbia, mwenye sehemu yake kwenye studio yenyewe.

Wote hao ni wa heshima. Ugomvi huanza pale unapomwita mtu mshirika wakati wa kumshawishi, kisha ukamlipa kama deiwaka siku ya malipo. Au anapokuja kama mtu wa kipande, akajikuta analala studio siku nne akisubiri mteja abadilishe mawazo. Taja jina la nafasi yake kwenye simu ya kwanza: "Dada, hii ni kazi ya kipande, michoro mitano, si ubia." Hakasiriki mtu. Wengi hupumua.

Mtu mpya mpe kwanza kazi ndogo ya siku mbili, tena ya kulipwa. Jaribio la bure ni kumla mtu jasho lake. Uwezo wake wa kuchora umeshauona kwenye kazi zake za nyuma, basi hapa tazama mambo mengine. Asipoelewa anauliza, au anakisia? Akichelewa anakwambia siku moja kabla, au anazima simu? Ukimwomba abadilishe kitu, anakueleza kwa nini alikifanya hivyo? Tuliwahi kumwacha mchoraji mwenye mkono mzuri kupita wote tuliowajua, kwa sababu ya simu iliyokuwa ikizimwa. Uliniuma, lakini sijaujutia uamuzi ule.

Hatua ya 2: Kikao cha dakika arobaini

Kaeni kabla mtu hajashika penseli. Ana kwa ana kama inawezekana, kwa chai, bila mteja. Shida ya kikao hiki ni kukianzisha, kwa hiyo ninakupa maneno ninayotumia mwenyewe: "Ndugu yangu, kazi hii nataka tuimalize tukiwa bado tunasalimiana. Tuandike mambo machache sasa hivi, yangu na yako." Sema *yangu na yako*. Mtu akiona hata wewe unajifunga, shaka inaondoka. Kwa mtu aliyekuzidi umri, mwombe yeye aanze: "Mzee, wewe kazi hizi umezifanya miaka mingi kuliko sisi. Ni kitu gani huwa kinaharibika?" Atakutajia mambo ambayo usingeyafikiria.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili cha kawaida, wenye tarehe na sahihi za wote. Wetu wa kazi ya asali, upande wa mchoraji, ulikuwa karibu hivi:

*Kazi: nyuki 3, tawi 1 lenye maua, mzinga 1, kwa lebo mbili na kisanduku kimoja.*
*Marekebisho: mara 2 kwenye rasimu ya penseli, mara 1 kwenye mchoro uliokamilika. Zaidi ya hapo, sh. 60,000 kila mara.*
*Malipo: sh. 770,000 kabla ya kodi. Nusu italipwa siku ya kuanza, nusu ndani ya siku 7 baada ya kukabidhi, mteja awe amelipa au hajalipa.*
*Matumizi: lebo, kisanduku na matangazo ya asali hii, Afrika Mashariki, miaka 5. Matumizi mengine tunarudi mezani.*
*Anayeamua: rangi na mpangilio, studio. Namna ya kuchora, mchoraji. Anayeongea na mteja ni studio peke yake.*
*Jina: mchoraji atatajwa kila mahali studio itakapotajwa.*
*Kazi ikisitishwa: rasimu zikiwa zimekubaliwa, mchoraji anabaki na nusu aliyolipwa.*

Mstari wa "anayeamua" ndio watu huuruka, na ndio unaookoa kazi. Watu wawili wenye vipaji wakikosa kujua nani ana neno la mwisho kuhusu rangi, watapendana wiki ya kwanza na kununiana wiki ya tatu.

Hatua ya 3: Pesa, hesabu mbele ya wote

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo studio nyingi huwakosea wenzao bila kujua.

Tuseme mteja wa asali analipa sh. 3,000,000 kwa dizaini, uchapaji ukiwa mbali. Tanzania, kampuni inayokulipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo benki itaingia sh. 2,850,000. Studio nyingi huanza kugawa kutoka hapo na kuwaambia wenzao kwamba mamlaka ya mapato, TRA, "wameshachukua chao." Si sawa. Ile 150,000 haikupotea. Ni malipo ya awali ya kodi ya studio, na kwa hati ya zuio utakayopewa, utaihesabu kwenye ritani yako, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka. Ukiitoa kwenye chungu cha wote, umemlipisha mchoraji kodi yako. Tulifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka kabla mhasibu mmoja hajatuonyesha, na tulipoelewa tuliwapigia simu wale tuliowapunja tukawalipa.

Anza basi na 3,000,000 kamili. Toa gharama za moja kwa moja ambazo wote mmezikubali: leseni ya fonti, usafiri, sampuli za lebo. Tuseme 250,000. Inabaki 2,750,000. Studio inachukua asilimia 20 kwa kubeba mteja, yaani vikao, ankara, kufuatilia malipo na kubeba lawama. Hiyo ni 550,000. Zinabaki 2,200,000 za mikono iliyofanya kazi: dizaini asilimia 45, sawa na 990,000, mchoraji asilimia 35, sawa na 770,000, mpigapicha asilimia 20, sawa na 440,000. Asilimia hizo si amri, na kwenye kitabu cha watoto mchoraji angepata sehemu kubwa kuliko dizaina. Cha muhimu ni kwamba kila mmoja ameiona karatasi nzima, hata ile asilimia 20 yako. Wakati mwingine utaulizwa, "Hiyo ishirini ni ya nini?" Jibu kwa utulivu. Kama huwezi kuieleza, ipunguze.

Nawe ukimlipa mchoraji kwa huduma unapaswa kukata zuio lile lile la asilimia 5: kwenye 770,000 ni 38,500, anapokea 731,500 pamoja na hati yake. Fedha hiyo unaiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Mwambie mapema kwenye kikao cha dakika arobaini, maana mtu akigundua makato siku ya malipo atadhani umemmegea. Na kama hana TIN, ile namba ya mlipakodi, msaidie aipate. Huo nao ni ushirikiano.

Sasa neno langu kali: acheni "utalipwa nikilipwa." Mteja mwenye ofisi kubwa anaweza kukaa na ankara yako mwezi, miezi miwili, hundi ikizunguka kutoka meza moja hadi nyingine. Wewe ulimchagua mteja huyo, ulisoma masharti yake, na una asilimia ya kubeba hatari hiyo. Mchoraji anayekaa chumba cha kupanga hana benki ya kusubiria. Najua studio ndogo nayo haina. Sisi tulitoka humo taratibu, kwa kuweka kando asilimia 10 ya kila kazi mpaka akiba ikafikia malipo ya wenza wa kazi moja. Ilituchukua karibu mwaka na nusu. Tangu hapo hakuna mtu aliyetusubiri, na wachoraji wazuri hupokea simu yetu ya kwanza.

Kianzio cha mteja kikiingia, nusu ya kila mtu itoke siku hiyo hiyo. Usiiache ilale kwenye akaunti yako, itageuka kodi ya pango.

Hatua ya 4: Mchoro ni wa nani

Fulana za taasisi ile zilinifundisha kusoma sheria. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA. Hakimiliki ya mchoro huanza pale mchoro unapochorwa, haingoji usajili. Kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, kunakupa ushahidi mzuri mkifika kwenye mabishano. Ulinzi hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mchoro wa nyuki wa leo ni urithi wa wajukuu wa mtu.

Ukivuka mpaka, soma sheria ya huko. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mchoraji wa Tanga anayechorea studio ya Nairobi bila maandishi anaweza kuamka siku moja amebaki na jina tu. Na studio ya Dar inayoleta mchoraji kutoka Mombasa isichukue nafasi hiyo kwa ujanja. Andikeni.

Mteja naye ana hitaji lake la haki. Nembo atataka kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, na ni hatari aisajili huku sehemu yake ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo sisi tunatenganisha: nembo huuzwa moja kwa moja, hakimiliki inahamishwa kwa maandishi na bei inapanda, michoro na picha hukodishwa kwa matumizi, nchi na muda uliotajwa. Mteja akitaka fulana baadaye, anarudi, na mchoraji anapata chake. Ukimweleza mteja mapema kwa bei mbili, ya kukodi na ya kununua kabisa, wengi huelewa haraka. Ni kama shamba na pango.

Mpigapicha naye aje na ruhusa za maandishi za watu waliomo kwenye picha. Mrina asali anayeonekana uso kwenye kisanduku ana haki ya kujua kwamba uso wake utakaa dukani, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si adabu tu.

Hatua ya 5: Jina la mtu liandikwe

Chukua kanga yoyote nyumbani, tazama pindo, mji na jina. "Mali ya Abdulla" ya Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887, inajulikana pwani nzima kwa sababu imejiandika kwenye kitambaa. Aliyechora zile korosho za pembeni, na aliyetunga lile jina linalomsuta jirani, kwa kawaida hawatajwi popote. Vizazi vya wachoraji wetu vimepita hivyo, na ninaamini ni sababu mojawapo ya watu kudhani kuchora si kazi.

Sisi tuna kanuni fupi: studio ikitajwa, wote watajwe. Kwenye posti ya Instagram, kwenye faili la kuombea tenda, kwenye maelezo ya shindano. Mteja asipotaka majina kwenye kifungashio, sawa, lebo ni yake, lakini kwenye kurasa zetu hatuachi. Tukubaliane pia lini mtu anaruhusiwa kuonyesha kazi. Mchoraji akiposti lebo wiki mbili kabla ya bidhaa kuingia sokoni, mteja atatulaumu sisi, na kijana hatakuwa na kosa maana hakuna aliyemwambia tarehe.

Na kwenye kikao na mteja, sema "wazo hili ni la fulani" akiwepo na asipokuwepo. Watu husikia tu, hata wasipokuwepo.

Hatua ya 6: Namna ya kupeana maoni

Kwetu adabu huficha ukweli vizuri sana. Unaweka rasimu kwenye kundi la WhatsApp, wote wanaandika "iko poa," kidole gumba, kidole gumba. Siku ya kukabidhi ndipo mmoja anasema tangu mwanzo hakuipenda ile rangi. Tumejaribu mengi, haya matatu yamefanya kazi.

La kwanza, mdogo aanze. Mkubwa akishasema, wengine wote hukubali. Hayo ni malezi, huwezi kuyang'oa kwa barua pepe. Basi anza na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kisha panda juu, mwenye studio awe wa mwisho. Kwa mzee, mweleze mapema kwamba unataka vijana wafunguke kwanza. Mara zote tuliyemwambia hivyo amekubali kwa furaha.

La pili, maoni yaseme mchoro unafanya nini kwa mtu wa dukani, si kama umependwa. Kwenye kazi ya asali, mteja aliandika neno moja: "haivutii." Mchoraji alivunjika moyo, akataka kuanza upya. Tulimpigia mteja, tukamwuliza ni nani hasa haitamvutia, akiwa amesimama wapi. Baada ya maneno mengi ikatoka: mzinga uliochorwa ulikuwa wa kisasa, wa sanduku la mbao, na yeye anauza asali ya msituni, ya mizinga ya magome iliyoning'inizwa kwenye miti ya miombo. Nyuki walikuwa sawa, rangi sawa, herufi sawa. Ulibadilishwa mzinga peke yake, kazi ya nusu siku. Kama tungelipeleka neno "haivutii" kwa mchoraji vile vile lilivyokuja, tungepoteza wiki na pengine mchoraji. Kazi ya studio ni kulipokea neno la mteja, kulifungua, na kulipeleka likiwa na maana.

Ndiyo maana mteja ana mlango mmoja. Akianza kumpigia mchoraji moja kwa moja usiku, mchoraji awe na jibu tayari: "Nimekusikia bosi, nitamwambia dada wa studio aiweke kwenye orodha ya marekebisho." Na upande wa mteja vivyo hivyo, mtu mmoja aidhinishe. Mume, mke na mtoto aliyesoma nje wakituma maoni yao kila mmoja, hesabu za marekebisho zitakufa siku hiyo.

La tatu, jambo zito lisemwe kwa sauti, si kwa maandishi. "Mbona hujamaliza?" kwenye simu inaweza kuwa swali, kwenye kundi lenye watu wanane ni fimbo. Kosa la mtu mwambie faraghani, sifa zake zimwage hadharani.

Hatua ya 7: Mafaili, na mchapaji ambaye humkumbuki

Hili ni fupi. Folda moja ya mtandaoni, wote wanaingia. Jina la faili liwe na kazi, sehemu, namba na tarehe: asali_lebo_03_2024-05-12. Neno "mwisho" ni marufuku kwenye jina la faili. Picha ikipita WhatsApp kama picha hupungua ubora, kwa hiyo itume kama hati au iweke kwenye folda. Kila fonti na picha ya kununua iandikwe nani ameilipia na leseni yake ni ya nani.

Mchapaji mhesabu kama mshirika, tena wa siku ya kwanza. Nenda Kariakoo au popote anapochapia, kaa naye, mwulize karatasi aliyonayo, gundi yake inashika vipi kwenye chupa yenye unyevu, mashine yake inakataa nini. Skrini hutumia mwanga wa rangi tatu, mashine ya ofseti hutumia wino wa rangi nne, na ile njano inayowaka kwenye kompyuta yako itatulia ikifika kwenye karatasi. Mchoraji akilijua hilo mapema, anachagua njano inayofikika. Acheni milimita 3 za kukatia pande zote. Na ombeni prufu, yaani nakala ya majaribio, ya karatasi halisi, isainiwe na mteja, kabla ya nakala elfu tano. Mafundi wa mashine ndio wa mwisho kuigusa kazi yetu na wa kwanza kulaumiwa. Wakiharibu, mara nyingi ni kwa sababu hakuna dizaina aliyewahi kuingia kule ndani akawaamkia.

Hatua ya 8: Mkikosana, na mkimaliza

Mtakosana. Ukiona mtu amenyamaza siku mbili, mfuate. Chukua ule ukurasa mmoja, muusome pamoja kutoka juu, na mara nyingi mtagundua mstari ambao mliuandika kwa haraka. Urekebisheni, wekeni tarehe mpya. Mkishindwa, tafuteni mtu wa tatu anayeijua kazi na ambaye wote mnamheshimu. Tajeni jina lake mapema, wakati bado mnacheka, kwa sababu mkiwa na hasira kila atakayetajwa ataonekana ni wa upande mmoja.

Fikirini pia kifo cha ushirikiano wenyewe, hasa kama mmeupa jina. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendelea kuchora. Jina lake likawa jina la mtindo mzima, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina hilo hadi leo, Oysterbay, Dar es Salaam. Jina la mtu mmoja limelisha familia nyingi. Nyinyi wawili mkianzisha "kundi" la kuchora vitabu vya watoto, kisha mmoja akahamia Mwanza, jina linabaki na nani? Akaunti ya Instagram je? Namba ya simu ambayo wateja wameizoea? Andikeni sasa, ni mistari mitatu.

Kazi ikiisha vizuri, ifunge vizuri. Ndani ya wiki moja: malipo yote yametoka na hati za zuio zimetumwa, kila mtu ana nakala za faili zake, mchoraji amerudishiwa karatasi zake halisi za penseli, mpigapicha ana lebo mbili zilizochapwa za kumbukumbu. Kisha simu ya dakika kumi kwa kila mmoja, yenye maswali mawili: ni wapi nilikuchosha, na ungependa safari ijayo tubadilishe nini kwenye ukurasa wetu? Niliyajibu maswali hayo mimi mwenyewe mwaka jana, aliponipigia rafiki yangu wa kalenda. Sasa ana studio yake Bagamoyo, na alikuwa amenipa kazi ya kupanga kitabu. Ukurasa wake ulikuwa na mstari ambao wa kwetu hauna: *Vitu ambavyo michoro hii haitawekwa bila kuuliza: fulana, mifuko, vikombe.* Nimeunakili, upo kwenye mikataba yetu yote tangu Machi.